Kanda Kwenye Kapu la Mtama

Mwanza,
12 Machi 1988

Wifi yangu Eustadia,

Leo salamu zitangoja nyuma, maana nikianza nazo nitajaza karatasi na ninachotaka kusema kitakosa mahali pa kukaa. Kanda imetoka. Ni yangu, wifi, yangu peke yangu. Si ya bendi, si mimi nimesimama nyuma ya kiongozi wetu Placidius nikiitikia "aa" na "oo" kama mtu aliyekanyaga mwiba. Juu yake kuna picha yangu na jina langu, Speciose Mbonimpa, na hakuna jina jingine.

Haya, hamjambo huko? Watoto wanakua? Kaka yangu Celestin bado yuko kwenye machimbo ya bati Kyerwa, au amechoka kuchimba amerudi kwenye migomba yake?

Tulirekodi Nairobi, chumba kisicho na dirisha hata moja. Fundi mitambo akaniambia nipaze sauti. Nikamwambia siwezi, hivi ndivyo nilivyofundishwa. Alinitazama, akapunguza taa, akasema basi imba utakavyo. Nikafumba macho nikaimba kwa kunong'ona, kama Baba alipokuwa akipakata inanga, kinanda chake cha nyuzi, ile sauti ambayo ukiwa mlangoni huisikii lakini ukikaa karibu inakuingia kifuani. Nilijiona kabisa niko Kihanga, ukungu haujapanda, maua ya kahawa yananukia. Tulipomaliza fundi akasema huu ni muziki wa soul. Nikamuuliza soul ni nini, akasema ni roho. Nikacheka sana. Baba amekuwa akiimba roho tangu alipokuja kutoka Burundi kulima kahawa ya watu, na hakuna aliyempiga picha.

Wimbo wa tatu ni wake. Ni ile sauti ya inanga aliyokuwa akiipiga mtama ukianza kuiva, kabla Mama hajafariki na yeye hajaitundika inanga ukutani. Maneno nimetia mimi.

Sasa kazi yako. Nimempa mtu wa meli kanda mbili, atazikabidhi kwa kondakta wa basi la Kayanga. Moja yenu, moja ya Baba. Mpigie aisikilize, kisha niandikie maneno yake kama yatakavyotoka kinywani. Usiyatie asali. Unajua kwamba tangu nilipoiacha kwaya ya parokia nikafuata bendi hajaniandikia hata mstari. Placidius anataka nirudi kwake. Anasema mwanamke kusimama peke yake jukwaani ni jambo la msimu mmoja, na amenipa mpaka Sabasaba nimpe jibu. Wa magazeti wataandika yao. Mimi nangoja neno la Baba. Akisema nimeiharibu sauti yake, nitarudi nyuma ya Placidius niitikie mpaka nizeeke. Akisema ni vizuri, sirudi.

Wifi yako,
Speciose


Kihanga,
2 Aprili 1988

Wifi Speciose,

Kesho ni Pasaka na mimi nimeacha ndizi bila kumenya ili nikuandikie, kwa hiyo watoto wakilala na njaa watakulaumu wewe.

Kanda zimefika salama. Kondakta alizileta mpaka mlangoni, kisha akakataa kuondoka mpaka asikie. Betri zilikuwa zimechoka, tukazianika juani juu ya bati, zikapata nguvu. Waitu, Speciose, sijui nikwambieje. Nilikuwa nachambua maharage. Ulipoanza kuimba mikono yangu ikasimama. Nilizinduka kuku wameshakula nusu ya ungo.

Kokuhirwa jirani alikuja kuazima chumvi, akakaa mpaka jioni, na chumvi yenyewe akaisahau. Anasema sauti yako inamrudisha siku alipokuwa mchumba, ingawa wote tunajua hakumtaka yule mwanamume. Katekista alipita akasema nyimbo si za dini, lakini alikuwa amekaa chini alipokuwa akisema hivyo. Celestin amerudi na akaondoka tena na kanda yetu, sasa machimboni kote wanainakili moja baada ya nyingine, mpaka nyingine zinasikika kama unaimba ndani ya mtungi. Watu wa Kibingo wanaimba ule wa tatu wakipalilia. Mbuzi wetu amezaa mapacha, na watoto wamempa mmoja jina lako kwa kuwa halii kwa nguvu.

Baba ni mzima. Anakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya baridi. Kanda yake aliipokea kwa mikono miwili.

Pasaka njema.

Wifi yako,
Eustadia


Mwanza,
30 Aprili 1988

Wifi,

Barua yako nimeisoma nikicheka, kisha nikaisoma tena nikaacha kucheka. Umeniandikia habari za Kokuhirwa, na katekista, na kondakta, na mbuzi. Baba amesema nini?

Huku mambo ni mchanganyiko. Radio iliupiga wimbo wa tatu mchana mmoja mvua ikinyesha. Wauza dagaa wa hapa sokoni wananiita jirani. Lakini bwana mmoja wa gazeti ameandika kwamba nina sauti nzuri ya kumbembelezea mtoto, na kwamba haoni ni nani atalipa kiingilio ili asinzie. Wiki iliyopita niliimba ukumbini. Wanaume walikaa mikono vifuani wakingoja chemko, ile sehemu ya kurukaruka. Nilipofika wimbo wa tatu, mwanamke mmoja mnene akainuka na mumewe, wakacheza taratibu sana, karibu hawasogei, na watu wakageuka kuwatazama wao badala yangu. Niliwapenda wale watu. Mwenye ukumbi akaniambia nije na bendi safari ijayo.

Kwa hiyo unaona, wifi, huku kila mtu ana lake, na mimi naelea katikati. Naamka asubuhi sijui kama mimi ni mwanamuziki au ni mtu aliyeota.

Na kuota naota kweli. Naota niko mdogo, nimetumwa kuamia ndege kwenye mtama. Baba amekaa kwenye kile kichuguu amenipa mgongo, anapakata inanga. Alikuwa akiniambia, "Ndege wapigie kelele, watu wanong'oneze." Basi katika ndoto namnong'oneza, na yeye hageuki. Najaribu kuzunguka nimwone uso kama anatabasamu au amekunja, lakini mtama unakuwa mrefu, unakuwa msitu, na ukungu unashuka. Naamka na sijamwona.

Niambie alivyokunja au alivyotabasamu. Nakuomba.

Speciose


Kihanga,
21 Mei 1988

Wifi mpendwa,

Usinikasirikie. Mimi ni mke wa mwanawe, tena Mnyambo niliyelelewa kwamba baba mkwe hata kivuli chake hukikanyagi. Kumpelekea chakula naweza, kumhoji siwezi. Lakini kwa ajili yako nilijikaza. Alipokuwa akinoa jembe nikapiga magoti mbali, nikasema, "Baba, ile kanda ya Speciose?" Akasema, "Ipo." Nikangoja. Akaendelea kunoa.

Ipo kweli, nimeiona. Ameiweka ndani ya kapu lake la mbegu za mtama, lile lenye kifuniko, ambalo hata panya wanaliogopa. Ameifunga kwa jani la mgomba lililokauka. Sijui maana yake. Celestin anadhani bado ana kinyongo cha bendi. Mimi sidhani kitu. Hajasema neno baya hata moja, na hilo nakuapia.

Nikupe yaliyo mazuri. Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi Bweranyange, mtoto wa shangazi yangu. Walileta radio kaseti kubwa, wakakuweka wewe. Bibi harusi alikuwa analia kama desturi, na wimbo wako ulipoanza, akaanza kulia kweli, na mama yake akalia, na wazee waliokuwa na pombe yao ya lubisi wakashikilia mirija bila kunyonya. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, hatukuonana vizuri, ikawa kana kwamba sote tunaota ndoto moja. Sijapata kuona harusi tamu namna hiyo. Wewe hukuwepo, na kila mtu alikuwa na wewe.

Baba naye alialikwa. Alirudi nyumbani mapema kwa sababu ya baridi.

Eustadia wako


Mwanza,
10 Juni 1988

Eustadia,

Laurensia wa Kibingo, yule anayeleta maharage kwa meli, amelala kwangu. Alidhani ananipa sifa. Alinisimulia harusi ya Bweranyange yote, bibi harusi na ukungu na mirija. Kisha akasema, "Ila mzee wako ana tabu. Kila wakiweka wimbo wako anainuka anaondoka." Nikamuuliza kila wakiweka wapi. Akasema kila mahali. Harusini aliinuka kabla sijamaliza mstari wa kwanza, akaacha na lubisi yake. Kilabuni Kihanga ameinuka. Hata pale kwenu uani, ukiwasha, anachukua fimbo anaelekea kwenye kibanja cha migomba. Watu wameshazoea, wanampisha njia.

Wewe uliyaona yote haya ukaniandikia baridi.

Sikulaumu, najua ulitaka kunifunika. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo nimeusikia. Nimeuchukua wimbo wa mwanamume aliyeutundika ukutani pamoja na msiba wake, nikauuza madukani. Ndivyo anavyoona, na huenda ni kweli. Nimelia mpaka Laurensia akajuta kunijia.

Siku ya Sabasaba nitampa Placidius jibu, na jibu ni kwamba narudi. Kuitikia nako ni kazi. Mwambie Celestin aache kuinakili ile kanda. Ya Baba mwache nayo, asiirudishe, maana akiirudisha sitaweza kuipokea.

Barua hii usimwonyeshe.

Speciose


Kihanga,
24 Juni 1988

Speciose binti yangu,

Shikamoo zako zote nilizipata kwa Eustadia. Marahaba.

Naandika Kiswahili. Kirundi changu ni kirefu, kingenipa nafasi ya kukukasirikia vizuri. Kiswahili changu ni kifupi, nilikipata kwa padri na kwa wanyapara, kitasema lile lililopo tu.

Mke wa ndugu yako ameniletea barua yako. Uliandika asinionyeshe. Alipiga magoti pale mbali, akaisukuma kwa kijiti kama mtu anayesukuma nyoka, akakimbia. Nimeisoma. Usimgombeze, yeye ndiye mwenye akili katika nyumba hii.

Unasema naondoka wakiweka wimbo wako. Ni kweli, naondoka. Umesahau kwa nini mtu huondoka?

Ulipokuwa mdogo mtama ulipoiva nani alikula kwanza? Hata wewe ukiwa na njaa, hata jirani akiwa amekwisha kupika uji wake na harufu inatujia. Mlikuwa mnangoja. Mama yako alisaga, akapika, mtoto akaleta kibuyu kwa mikono miwili, mimi nikaonja, nikamrudishia mtoto aliyeleta, naye akanywa. Ndipo nyumba yote ikala. Sisi Warundi tunasema kuganura. Mzazi haonji mavuno ya mtoto wake kwa jirani. Haonji kwa kondakta. Akikuta yameliwa barabarani anapita, anafumba pua, anakwenda nyumbani kungoja ya kwake. Si hasira. Ni adabu yangu kwako.

Eustadia ni Mnyambo, hajui hilo. Celestin anajua, lakini anadhani mavuno ni mtama tu. Na wewe nadhani ulidhani hivyo.

Kanda yako niliiweka mahali pa mbegu. Sikupata pengine pazuri zaidi. Radio ya kwanza kutaja jina lako nilikuwa nimekaa pale kwa Kokuhirwa. Nilisikia jina langu limefuata jina lako. Nikainuka haraka, maana nilitaka kubaki. Harusini nilitaka kubaki kuliko wote. Nilisimama nyuma ya migomba ya watu mbali, huko nisikosikia, na ukungu ulipofunguka kidogo nikatazama wanavyolia. Nikajua ni chakula kizuri.

Wimbo wangu hukuuiba. Mbegu mtu humpa mwanawe.

Mtama unaiva, wiki hizi mbili utakuwa tayari. Ndege ni wengi mwaka huu na hakuna wa kuwaamia. Njoo. Kihanga yote imeshiba wimbo wako, na Kibingo, na Bweranyange. Mimi peke yangu bado nina njaa.

Baba yako,
Mbonimpa


Mwanza,
3 Julai 1988

Baba,

Shikamoo.

Napanda meli kesho. Placidius nimemwambia leo, sikungoja Sabasaba, na jibu nililompa silo lile nililomwandikia wifi. Amesema nitajuta. Nimemwambia huenda, lakini nitajuta nimesimama mbele.

Sileti kanda nyingine. Iliyo kapuni ibaki kapuni. Nitakuimbia kwa mdomo, nikishasaga.

Nisamehe kwa kukuweka na njaa muda wote huu.

Mwanao,
Speciose


Kihanga,
14 Agosti 1988

Wifi yangu Speciose,

Natumaini ulifika salama na ile ndizi haikuivia njiani. Nyumba imepoa tangu uondoke. Yule mbuzi mwenye jina lako anakutafuta.

Siku ile tukingoja basi uliniuliza, "Amesema nini?" na mimi nikajifanya nafunga kanga. Ningejibu nini? Nilikuwepo, niliona yote, na hata sasa nikikumbuka naona kama niliyaota. Ulipiga magoti na kibuyu cha uji wa mtama mpya. Ukaimba, ukungu umejaa uani, sauti ndogo hata kuku hawakushtuka. Uliimba zote, mpaka ya mwisho. Baba alikuwa ametazama uji. Ulipomaliza akaonja, akakurudishia kibuyu, ukanywa. Akauliza kama ndege wamepungua. Nilitaka kumkasirikia, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, mtoto amesafiri ziwa lote, mzee anauliza ndege.

Ulipanda basi bila neno ulilolifuata. Uso wako nikauona dirishani, nikarudi nyumbani nimechoka.

Sasa sikiliza. Jana Jumamosi Celestin alirudi kutoka machimboni na betri mpya. Baba alikuwa uani anasuka kapu. Celestin akasahau, kwa sababu ya mazoea, akawasha radio kaseti, na ikawa ni wewe. Wa kwanza ukapita, Baba hakuinua kichwa. Wa pili ukapita. Ulipoanza ule wa tatu, Baba akaweka kapu chini, akainuka.

Wifi, moyo wangu ulikufa. Celestin akarukia kuzima, nami nikawa nishaanza kusogeza watoto wampishe njia kama siku zote. Baba akasema, "Acha." Hakuelekea kwenye kibanja. Aliingia ndani. Tukasikia anasogeza kiti, kisha kitu kinakwaruza ukuta. Akatoka na inanga. Ilikuwa na vumbi mpaka huoni mbao. Akaifuta kwa koti lake la kanisani, lile hasa, akakaa, akakaza nyuzi moja moja huku wewe unaendelea kuimba bila habari. Akamwambia Celestin arudishe mwanzo.

Akapiga. Vidole vilikuwa vizito, akakosea, akamwambia arudishe tena. Mara ya pili hakukosea. Kisha akaanza kunong'ona chini ya sauti yako, na sikuweza tena kujua yupi ni nani. Kokuhirwa alikuja na bakuli mkononi akasimama kwenye uzio, hakuingia. Mimi niliangalia ule ukuta mtupu ndani, pale inanga ilipokuwa, pamebaki alama nyeupe, nikalia kwa ajili ya mama mkwe ambaye sikumkuta.

Ulipokwisha nikasahau adabu zangu zote za Kinyambo. Nikamuuliza mbele ya watoto, "Baba, Speciose anauliza umesema nini?"

Akafikiri. Akasema nikuandikie hivi, nami nayaandika kama yalivyotoka, sikuyatia asali: pale katikati ya wimbo wa tatu, kabla ya kutaja ukungu, umevuta pumzi mapema. Inanga ilikuwa bado haijamaliza. Ukiimba tena pale, ngoja, yeye anakuja.

Kisha akaniuliza kanda nyingine unairekodi lini, na kama kile chumba cha Nairobi kina kiti kifupi, maana inanga haipigwi mtu akiwa amesimama.

Wifi yako,
Eustadia